Uliza Msafiri: Msitu na bahari kwa safari moja, itawezekana?

*Mambo Msafiri. Tuko watu sita, mimi na mzee, watoto watatu na shosho yao. Desemba watoto wakifunga shule tunataka kulala kwa zile banda za KWS, shirika la wanyamapori, siku sita hivi, tuanze Aberdare tuone msitu alafu tushuke Watamu baharini. Mzee anasema tutaenda na gari yetu, ni saloon ya kawaida tu. Tupange aje? – Mama Watatu, Donholm*

Mama Watatu, pole kwa kukuharibia ramani lakini hiyo ya Aberdare na Watamu kwa siku sita mimi siiungi mkono. Mtaenda Nyeri, mrudi tena Nairobi, mshuke Mombasa, alafu bado mko na barabara ya Malindi, yaani siku mbili nzima zinaishia kwa gari mkiuliziana nani amekalia chaja. Na hapo bado sijagusa baridi. Kule juu Aberdare usiku si baridi ya Donholm, shosho atakaa kwa blanketi asubuhi hadi jioni na watoto watabaki ndani wakimlinda. Na saloon huko haiendi, nitawaambia kwa nini nikijibu wale vijana hapo chini.

Sasa, kama unataka msitu na bahari vyote, nenda Kwale. Shimba Hills na Shimoni ziko kaunti moja na kote kuna banda za KWS, kwa hivyo mnalala siku mbili msituni alafu tatu baharini bila kuvuka nchi nzima. Shimba iko juu kidogo, asubuhi kuna ukungu na hewa ni poa hata kama Mombasa watu wanayeyuka. Ndovu wako, na kuna palahala, yule swala mkubwa ambaye dume lake ni jeusi na pembe zimepinda kurudi nyuma, Kenya nzima hao wa porini wamebaki hapo peke yake. Watoto watataka kwenda maporomoko ya Sheldrick, mnaenda na renja kwa miguu, kushuka ni raha lakini kupanda kurudi ndio kuna maneno, kwa hivyo shosho abaki na mtu mmoja.

Gari iacheni Nairobi. Najua mzee hatapenda. Pandeni SGR, treni ya asubuhi inawafikisha Miritini, stesheni ya Mombasa, mapema mchana, na kutoka hapo barabara ya Dongo Kundu inawatoa moja kwa moja upande wa Kwale bila kupanga foleni ya feri Likoni. Kodisheni van moja ya safari yote, mkubaliane na dereva bei ya siku zote kabla hamjaingia, na mumwambie wazi kwamba kuna siku mtakuwa mnazunguka ndani ya hifadhi ndio asikuje kuwaongezea bei mbele ya geti. Tiketi za Desemba zinaisha haraka sana, zikifunguliwa tu nunua. Na mtungi wa gesi usibebe, pale stesheni mizigo yote inakaguliwa na hautapanda.

Kitu ninachotaka mshike hata mkisahau hayo mengine yote ni saa ya geti. Watu wanapanga safari wakihesabu kutoka mlangoni kwao, tutatoka saa mbili, tutakula wapi, tutapiga picha wapi. Hesabu kutoka mwisho ukirudi nyuma. Mnatakiwa muwe mmeingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo mimi ningetaka kuwa getini saa kumi na moja, ndio mfike kwa banda kukiwa na mwanga, mjue choo kiko wapi, mjue maji yanatoka, mpike mkiona mnachopika. Kutoka hapo toa muda wa kununua chakula Kwale mjini, toa muda wa barabara, utaona mwenyewe kwamba treni ya mchana haifai kabisa. Mwenye amewahi kufika banda ngeni saa mbili usiku na mtoto analia na tochi iko chini ya mabegi yote ataelewa nasema nini.

Malipo ni ya mtandao, kupitia eCitizen ya serikali, pesa mkononi hawachukui getini. Kuingia hifadhi na kulala banda ni malipo mawili tofauti, wengi wanalipa banda wakifikiri wamemaliza. Lipa ukiwa bado nyumbani na wifi, na wakubwa wabebe vitambulisho, bila hivyo bei ya mwananchi utaisikia kwa wengine.

Banda sio hoteli mama. Hakuna mtu atakuletea chai. Kabla ya kulipa uliza maswali ya jikoni: kuna gesi ama ni makaa, kuna sufuria ya ukubwa gani, kuna friji, neti za mbu ziko kwa vitanda vyote? Neti usicheze nayo, Pwani kuna malaria na nyinyi watoto wa Nairobi hamna kinga yoyote, ona daktari mapema kuhusu dawa hasa kwa sababu ya shosho na huyo mdogo. Maji msibebe ya zile chupa ndogo, plastiki ya kutumia mara moja imepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu tarehe 5 Juni 2020, kwa hivyo nunua jerikeni la lita ishirini na kila mtu awe na chupa yake ya kujaza.

Na tumbili! Funga madirisha hata kama joto ni kali. Atakaa juu ya mti anakuangalia kama kanjo anayengoja mama mboga ageuke, wewe unaingia kuchukua chumvi tu, ukitoka mkate umeenda na karatasi yake. Chakula chote kiwe kwa ndoo yenye kifuniko cha kukaza, mifuko anaifungua bila shida. Usiku kwa sababu ya ndovu msitembee kutoka banda moja hadi nyingine, mtoto akitaka kukojoa mwangaze nje kwanza.

Shimoni sasa mtulie. Desemba upepo wa kaskazi unaanza na bahari inakuwa afadhali sana kuliko ile miezi ya kusi katikati ya mwaka. Boti ya kwenda Kisite, hifadhi ya baharini, ikodisheni ya asubuhi, bahari ikiwa bado imetulia na pomboo wana nafasi nzuri ya kuonekana. Laifujaketi vaeni kabla ya kuondoka, na ya mtoto iwe ya saizi ya mtoto, kama hakuna hiyo boti iacheni mtafute nyingine hata kama nahodha ni mcheshi aje. Muulize maji yanakupwa saa ngapi, shosho kupanda na kushuka ni rahisi maji yakiwa ya kutosha. Mashati ya mikono mirefu, kivuli huko hakuna. Matumbawe msikanyage, na kombe za baharini watoto waziangalie na kuziacha. Mkirudi pitieni kisiwa cha Wasini mle samaki, na kina mama wa kijiji wako na njia ya mbao inayopita kwa bustani ya matumbawe ya zamani, hiyo hata shosho ataiweza polepole.

*Sisi ni maboyz wanne wa South B, tuna Vitz na tunataka kulala ile Fishing Lodge ya Aberdare. Tutafika? – Wanne wa South B*

Geti mtafika. Ndani hapana. Aberdare ni ya 4x4, matope yake hata wenye Land Cruiser wanasali, na mvua ya masika, Machi hadi Mei, njia zingine hufungwa kabisa. Changeni mkodishe gari la maana pamoja na dereva anayejua huko. Mko karibu mita 3,000 juu, kwa hivyo pombe ya usiku wa kwanza punguzeni, kichwa kitawauma hata bila hiyo. Bebeni makoti, kofia za sufu na soksi za kulalia. Karuru msiikose, yale maporomoko yana mita 273 na yanashuka kwa ngazi tatu, lakini nendeni asubuhi, mchana ukungu ukipanda mtasikia sauti tu.

*Nataka kwenda Kakamega Forest peke yangu, mwanamke, wikendi ndefu. Ni sawa? – Dada wa Kasarani*

Ni sawa dada. Angalia tu kitu kimoja: msitu una ofisi mbili. Buyangu upande wa kaskazini ni KWS, na Isecheno kusini ni ya huduma ya misitu, KFS, na ukilipa huku haikusaidii kule. Amua unalala wapi, alafu mwambie boda akupeleke hapo kwa jina. Gambuti ni lazima, mvua ya huko hupenda kuja mchana, kwa hivyo tembea na mwongozaji wa msitu alfajiri ndio uone mbega na ndege. Mwongozaji muagize siku moja kabla.