Kocha wa jimu anataka kunichoma sindano, nikubali?

SWALI: Shikamoo dada. Mi nina miaka 24, napiga tizi jimu moja hapa Mtwara mjini na kuna shindano la kutunisha misuli linakuja baada ya msimu wa korosho. Kocha wangu anasema bila sindano nitaishia kuwapigia wenzangu makofi. Kanionyesha kichupa kidogo, ndani kama mafuta hivi, lebo imechunika huwezi hata kusoma, eti ni vitamini tu na wote watakaopanda jukwaani wanachoma. Sasa kama wote wanachoma huo ni wizi kweli? Na mwili si wangu mwenyewe? Kuna madogo nawafundisha jioni, nao wananiangalia mimi.
Mpiga tizi, Shangani

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nianze na hiyo vitamini maana imeniuma. Ujerumani Mashariki, miaka ya 70 na 80, wanamichezo walikuwa wanapewa vidonge vya homoni za kiume wanaambiwa ni vitamini, wengine mabinti wadogo kabisa, sauti zikawa nzito, nywele zikaota mwilini, na wapo walioumwa mpaka utu uzimani. Mtu anayekuficha jina la dawa anayotaka kukuchoma hakutakii mema, hata kama ndo anayekulipia ada ya jimu.

Halafu hilo la wote wanachoma, yeye kajuaje? Ben Johnson, mkimbiaji wa Kanada, alishinda mita 100 kwenye Olimpiki ya Seoul 1988 kwa sekunde 9.79, mkojo ukakutwa na stanozololi, aina ya steroidi, yaani dawa za homoni za kiume za kukuza misuli, akapokonywa medali, na kocha wake naye alijitetea hivyohivyo, kwamba wenzao wanatumia.

Mwili ni wako, sawa, nakubali kabisa. Ila ukishapanda jukwaani unalinganishwa na mwenzio, na huyo mwenzio labda katoka Mikindani huko, anakula mbaazi na pweza, anaamka alfajiri kunyanyua vyuma, we ukimshinda kwa kichupa umemwachia njia mbili tu, akubali kushindwa kila mwaka au na yeye achome, yaani unamlazimisha aweke moyo na ini lake rehani kwa sababu yako na wala hamjawahi kukaa mkaongea. Hapo ndo pabaya zaidi kwangu, kuliko hata kumdanganya jaji.

Na madogo je? Watakuuliza kaka unakula nini, utawajibu ugali na dagaa, watapiga chuma mwaka mzima wanajiona wao ndo wavivu, mwisho wataujua ukweli na wataitaka hiyo sindano.

Afya nayo usiipuuze. Steroidi, ambazo huenda ndo zimo kwenye hicho kichupa, zinafanya korodani zisinyae na mbegu zipungue, ukuta wa moyo unanenepa, presha inapanda. Mkichangia sindano ndo kabisa, kuna UKIMWI na homa ya ini. Mtu aliyepimwa akaonekana homoni zake ni pungufu na daktari akamwandikia dawa, hiyo ni habari nyingine, usikubali kocha akuchanganyie hapo.

Usichome. Kama ulishachoma basi usione haya, nenda hospitali ya Ligula umwambie daktari yote uliyotumia bila kuficha, akupime presha na damu aone ini likoje. Na hao madogo ongea nao wiki hii hii, kabla kocha hajawafikia na kichupa chake.