Maswali ya Wasomaji: Manowari ya Mtiki Iliyovuka Miaka 200

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni seremala, nina karakana Majengo, hapa Moshi. Mteja wangu ananiambia kwamba Uingereza kuna manowari ya matanga iliyoundwa kwa mtiki, na kwamba bado inaelea baada ya miaka 200. Je, ni kweli? Na iliponaje vitani?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, mteja wako amesema kweli. Chombo hicho ni frigeti (manowari ya wastani) Trincomalee, iliyoundwa Bombay, India (leo Mumbai), na mafundi wa Kiparsi, jamii ya India yenye asili ya Uajemi, chini ya Jamsetjee Bomanjee Wadia na kushushwa majini tarehe 12 Oktoba 1817. Waingereza waliipeleka kazi hiyo India kwa sababu vita vyao na Napoleon, mtawala wa Ufaransa, vilikuwa vimewapunguzia mno mialoni, miti migumu ya Ulaya ya kuundia meli. Hata michoro ya kwanza haikufika, kwa kuwa meli Java iliyoibeba ilitekwa na Wamarekani mwezi Desemba 1812, ikabidi itumwe mingine.

Ama kuhusu kudumu kwake, mwaloni una asidi inayokula chuma, hivyo misumari huliwa na kutu na ubao huoza kuizunguka. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayokinga chuma na kuzuia maji, mafuta yaleyale ambayo wewe unayafahamu, maana usipoufuta ubao vizuri gundi hukataa kushika.

Kuhusu vita, kwa kweli haikupigana sana. Ilifika Portsmouth, Uingereza, mwaka 1819, Napoleon akiwa ameshashindwa, ikawekwa akiba bandarini kwa zaidi ya miaka 25. Mwaka 1845 ilianza kufanyiwa matengenezo, mizinga yake ikapunguzwa hadi 26, kisha ikahudumu Amerika ya Kaskazini na Karibi kuanzia 1847 hadi 1850, na Bahari ya Pasifiki kuanzia 1852 hadi 1857. Huko Pasifiki ndiko lilikotokea jambo ambalo, kwa maoni yangu, halipaswi kufunikwa na sifa za mbao: mwaka 1856 Gavana James Douglas wa kisiwa cha Vancouver (leo ni sehemu ya Kanada) aliwatumia mabaharia na askari wa meli hiyo kuingia kwa nguvu katika bonde la Cowichan na kumkamata mwenyeji mmoja aliyemjeruhi mlowezi kwa risasi. Mlowezi alipona, lakini mwenyeji yule alinyongwa.

Baada ya hapo ikawa meli ya mafunzo. Mwaka 1897 ilinunuliwa na George Wheatley Cobb, akaibadilisha jina kuwa Foudroyant, na vijana wakaendelea kujifunza ubaharia humo hadi 1986. Ilihamishiwa Hartlepool, Uingereza, kutengenezwa upya, ikarudishiwa jina lake la awali mwaka 1992, na sehemu kubwa ya mbao zake hadi leo ni mtiki uleule uliochongwa Bombay.