Jibu: Fulana, risala na mvua za mahafali ya kidato cha sita

Mdogo wangu, umeuliza kamati ya mahafali ya kidato cha sita ianzie wapi, na mtihani wa taifa ni Mei. Anzeni na fulana, ndizo huleta ugomvi. Kusanyeni hela yote kabla ya kwenda Kariakoo; "nitalipa kesho" humwachia mhazini deni. Saizi msiandike kwa kukisia, kila mtu ajaribu. Majina ya mgongoni kila mmoja ahakiki lake na kusaini, maana Khadija mmoja akichapwa "Hadija" fulana hairudi. Chapeni moja ya mfano, ifueni mara mbili. Rangi ikibanduka, mwambieni fundi mapema.

Risala isizidi dakika tano. Ombeni jambo moja, na nakala imfikie mgeni rasmi siku kadhaa kabla, la sivyo atajibu "nimelichukua" basi.

Mkifanya Machi, masika yanaanza: lipieni turubai hata kama asubuhi kuna jua, na spika zikae juu ya meza, nyaya zisiguse chini.

Na jamani, asiyehakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, aanze sasa. Maombi ya mkopo wa chuo yatakihitaji, na msongamano ukianza utajuta.