Koili ya kununua kwa Ruangwa, Nachingwea na ufukweni Mtwara

Mkuu, umesema una GPX 5000, detekta ya kutafutia dhahabu, na koili zake mbili za inchi 11 (zile sahani unazopitisha juu ya ardhi), moja mono yenye mzingo mmoja wa waya na moja DD yenye mizingo miwili inayopishana, na unajipanga kununua ya inchi 18 kwa sababu umeambiwa inashuka chini zaidi. Unatembelea Ruangwa na Nachingwea, na ukiwa nyumbani Mtwara unapenda kupita ufukweni. Mimi nakushauri hela hiyo usianze kuipeleka kwenye inchi 18. Nimepita na mashine hii maeneo hayo hayo, na kilichonipa matokeo ni koili ndogo.

Waliokwambia inashuka chini hawakudanganya, ila inashuka kwa kitu kikubwa. Nguvu ya koili pana imesambaa, hivyo kipande kidogo kama punje ya mchele inaweza kupita juu yake kimya hata kama kimelala kina cha kiganja tu. Na dhahabu niliyoiona ikitoka kwa detekta kwenye vijito na mashamba upande wa Namungo, huko Ruangwa, nyingi ni ndogo ya aina hiyo. Halafu koili pana inasoma udongo mwingi kwa wakati mmoja. Kwenye ule udongo mwekundu wenye changarawe za chuma, mashine inaanza kunung'unika muda wote, unapunguza usikivu ili upate utulivu, na kina ulichokilipia kinaondoka hapo hapo. Uzito nao usiudharau. Ikifika saa saba mchana mkono umechoka, unaanza kuinua koili mwisho wa kila mpigo, na kila inchi ya hewa kati ya koili na ardhi ni inchi uliyoipoteza chini.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningenunua mono ndogo ya umbo la yai, kama ile ya inchi 8 kwa 6. Inaingia kati ya visiki, chini ya mikorosho, kwenye nyufa za miamba ya kijito kilichokauka. Inalia kwa vitu vidogo ambavyo ile ya 11 inaviruka. Upungufu wake ni kwamba unafunika eneo dogo kwa kila mpigo, kwa hiyo itumie pale ambapo tayari umeshaona dalili au wenzako wameshaokota. Kwa kutafuta eneo jipya, ile mono ya inchi 11 uliyonayo inatosha kabisa. Kumbuka tu kwamba uga wa mono unachongoka kadiri unavyoshuka, hivyo kila mpigo uingiliane na uliopita kwa zaidi ya nusu. Wanaokwenda harakaharaka na mono wanaacha njia nzima katikati bila kuigusa. DD inasoma kwa mstari unaotoka ncha ya mbele hadi ya nyuma, kwa hiyo inasamehe zaidi.

Hiyo DD usiiache nyumbani. Nachingwea ndiko utakakoishukuru. Maeneo ya ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, yamejaa chuma: misumari, bolti, vipande vya majembe ya trekta. Ongeza na njia ya ile reli ya Mtwara iliyokuja kung'olewa miaka ya 1960. Kwenye GPX, mpangilio wa kukataa chuma unafanya kazi ukiwa na DD tu, ukifunga mono haukusaidii kitu. Hata hivyo uamini kwa chuma cha juu juu peke yake. Sauti inayotoka chini sana ichimbe, usiiachie mashine ikuamulie. DD pia ina faida chini ya nyaya za umeme: ukiweka swichi ya koili kwenye Cancel kelele inapungua sana, ingawa na kina kinapungua.

Kuna jambo la Ruangwa ambalo wageni linawasumbua, nalo ni madini ya kinywe (grafiti). Kinywe kinapitisha umeme, kwa hiyo mashine inalia kama imekuta metali halisi, tena sauti nzuri kabisa. Nimeona watu wanachimba hadi kiunoni wakifuata mkanda wa kinywe. Hakuna koili inayomaliza tatizo hilo. Koili ndogo inasaidia kwa sababu inakuonyesha sauti inaanzia wapi na kuishia wapi: ikiwa inaendelea mita kadhaa kwa mstari, hicho si kipande cha dhahabu. Chukua udongo kidogo usugue kwenye vidole. Udongo ukiacha weusi unaong'aa, funika shimo uondoke.

Ufukweni ni habari nyingine. Mchanga mkavu wa juu, pale Shangani watu wanapokaa jioni, hauna shida, koili yoyote ya wastani itaokota pete na sarafu. Shida inaanza kwenye mchanga uliolowa maji ya chumvi, maana chumvi inapitisha umeme na mashine inausoma ufuko mzima kama kitu kimoja. Koili kubwa hapo inazidisha. Wenye Gold Monster, detekta ya aina nyingine ambayo inatumia masafa ya kilohezi 45, wasijisumbue na mchanga mbichi kabisa. Ile ni mashine ya dhahabu ndogo nchi kavu. Wewe tumia DD, shusha usikivu, piga taratibu koili ikiwa katika kimo kile kile, na uende bamvua maji yakiwa yamekupwa mbali. Koili nyingi zinavumilia maji, lakini boksi ya mashine yako haivumilii, hivyo usiingie kwenye wimbi.

Kilwa Kisiwani na Songo Mnara usiende na detekta. Ni Urithi wa Dunia tangu 1981 na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kilichomo ardhini. Sarafu ikishang'olewa mahali pake imepoteza nusu ya maelezo yake, na hilo linaniuma kuliko kukosa dhahabu. Huko bara nako hakikisha eneo lina leseni na mwenye leseni amekubali upite.

Unaponunua, hakikisha koili imeandikwa inafaa SD, GP na GPX, yaani familia ya mashine yako. Za GPZ (familia nyingine) au Gold Monster hazitafunga kwako. Funga waya vizuri kwenye mpini usichezecheze, na fungua kifuniko cha chini cha koili mara kwa mara, maana mchanga mwekundu ukijaa humo unaleta sauti za uongo.

Kama moyo bado uko kwenye inchi 18, azima ya mtu kwanza. Kata risasi ya nyavu za wavuvi vipande viwili, kimoja kidogo kama punje ya mchele na kingine kama harage, maana risasi inasikika karibu sawa na dhahabu. Vifukie pale pale unapotarajia kufanya kazi, kile kidogo inchi tatu na kikubwa inchi nane, kisha pita na koili zote moja baada ya nyingine kwa mipangilio ile ile. Andika ipi imelia wapi, halafu ndiyo utoe hela.