Mishale mitano kwenye nyasi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi nje kidogo ya mji wa Babati. Huu ni mwezi wa pili najifunza kupiga mishale nyuma ya nyumba ya kaka yangu, ambako kuna kiwanja kitupu chenye nyasi za kufika magotini. Nilianza na mishale 12 ya kaboni, leo nimebaki na mitatu. Minne imevunjika na mitano haijulikani ilipo, ingawa tumeitafuta mimi na kaka hadi giza likatukuta. Nasimama mita 30. Shabaha yangu ni kiroba cha nguo kuukuu nilichokining'iniza kwenye mgunga. Je, tatizo ni mishale ya bei rahisi au ni mimi? Na katika hii mitatu, mmoja una ufa mdogo. Naweza kuuziba kwa gundi?

Msomaji, Babati

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lililonishtua. Usiuzibe. Usiupake gundi wala kuuzungushia utepe, na usiurushe tena hata mara moja. Uvunje vipande viwili leo hii, usije ukauokota kesho kwa kusahau.

Unapoachia upote, yaani kamba ya upinde, nguvu yote ya upinde inausukuma mshale kwa nyuma, nao hujipinda kwanza kabla ya kunyooka hewani. Kama una ufa, hapo ndipo unapopasuka, na wakati huo bado unapita juu ya mkono ulioshika upinde. Nina kovu la sentimita mbili chini ya dole gumba la kushoto. Mshale ule ulikuwa umegonga jiwe jioni ya siku iliyotangulia. Niliufuta vumbi kwenye suruali nikaurudisha podoni, kwenye mfuko wa mishale, basi. Kesho yake nyuzi za kaboni ziliingia nyamani kama miiba ya mpungate, na kuzitoa ilikuwa kazi ya subira kwa aliyenitibu na kwangu.

Kwa hiyo kila mshale uliogonga kitu kigumu, na hata uliokosa shabaha tu, ukague kabla ya kuurusha tena. Ushike ncha zote mbili, uuelekeze mbali na uso, uupinde kidogo tu huku ukisikiliza. Uzungushe robo, upinde tena, mpaka umalize mzunguko. Mzima haulii. Wenye ufa hutoa mlio kama wa kukanyaga jani kavu la mhindi. Kisha pitisha kipande cha pamba taratibu toka chembe, yaani ncha ya mbele, hadi kwenye manyoya. Pamba ikinasa mahali na kuacha vinyuzi, mshale huo umekwisha, hata kama jicho halioni kitu.

Sasa bei. Mishale ya ghali nayo ingevunjika kwenye kiwanja chako. Umeweka mti mgumu nyuma ya shabaha ndogo, halafu umesimama mbali. Wachezaji wa Olimpiki hupiga kutoka mita 70, lakini shabaha yao ina upana wa sentimita 122, na wamefika hapo baada ya miaka ya mazoezi. Wewe una kiroba kinachoyumba na upepo. Kishushe kutoka mtini. Kiegemeze kwenye tuta la udongo uliochekechwa mawe, au tundika nyuma yake zulia zito kuukuu, lining'inie huru bila kukazwa chini, ili mshale ukifika lipokee na kurudi nyuma kidogo. Na kifungue hicho kiroba uzitazame nguo moja moja. Zipu, vifungo vya chuma na bizimu za mikanda vyote vitoke. Nimeona mishale mingi ikiharibikia ndani ya viroba vya mitumba kuliko kwenye mawe, na mwenyewe hajui kwa nini.

Sogea mpaka mita 8. Najua inakera, kwa sababu mita 8 haina raha ya kuuona mshale ukiruka. Vumilia. Siku mishale yako yote itakapobaki ndani ya kiroba, siku tatu mfululizo, rudi nyuma mita mbili. Ukianza kulenga vizuri utaanza pia kuvunja mishale kwa mishale, maana itakuwa inafuatana sehemu moja. Dawa yake ni kushonea alama tatu za vitambaa zilizoachana, kila mshale upewe alama yake.

Kuchomoa nako kunavunja. Hakikisha hakuna mtu nyuma yako. Kiganja kimoja kikae kwenye kiroba, mkono mwingine ushike mshale karibu kabisa na ulipoingilia, uvute moja kwa moja bila kuupinda juu wala chini. Ukiteleza, kata kipande cha tyubu ya baiskeli ushikie nacho.

Ukipata mishale ya mti, itakusamehe zaidi. Niliwahi kuketi na mzee mmoja wa Kihadzabe kule Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, akinyoosha mshale wake. Aliupasha moto juu ya makaa, akaung'ata kwa meno pale ulipojikunja, akaurudisha polepole, akafumba jicho moja kuutazama urefu wake, akaurudisha tena motoni. Hakuwa na haraka hata kidogo. Mti uliopinda unanyooka namna hiyo. Uliopasuka, wa mti au wa kaboni, haurudi.

Nabaki na ile mitano, nayo inanitia wasiwasi kuliko minne iliyovunjika. Mshale unaokosa shabaha kwa chini hauendi mbali kama unavyodhani. Huingia kwenye nyasi ukiwa umelala na kuteleza chini yake, hata manyoya yasionekane. Ndiyo maana mlipita juu yake mkiwa mmesimama wima mkitazama mbali. Kaka yako asimame pale unapopigia, akuelekeze kwa mkono ubaki kwenye mstari. Wewe piga magoti, uso karibu na ardhi, jua likiwa chini, ndipo utaona kile kiplastiki cha nyuma kinachoshika upote kikimetameta. Pasipoonekana kitu, buruta reki kwa wepesi ukikata mstari, kushoto kwenda kulia. Ukiupata umezama, usiuvute kwa nyuma, manyoya yatabanduka. Usukume uendelee mbele ulikokuwa unakwenda, utokeze.

Safari nyingine nunua yenye manyoya ya rangi ya chungwa au waridi kali, na ihesabu kila unapotoka shabahani. Ukikosa mmoja, mazoezi yasimame hadi upatikane.

Nasema hivi kwa sababu hicho si kiwanja kitupu. Nyasi za magotini Babati zina mwenyewe, na kama hazina, zina ng'ombe. Kaboni iliyovunjwa na kwato au fyekeo huwa sindano, na ng'ombe huila pamoja na majani. Watoto nao hupita hapo pekupeku. Kesho alfajiri, kabla mifugo ya jirani haijafunguliwa, nenda kwa huyo jirani umweleze, umwombe aipeleke kwingine siku mbili. Kisha chukua reki, anzia mita tano nyuma ya mgunga.