Fundi, futa "tunaboresha" kwenye bango

SWALI: Mwalimu, mimi ni fundi wa baiskeli hapa Kondele, Kisumu. Siku hizi wateja wananiletea baiskeli zilizofungwa injini ndogo, wanataka niwawekee filta kubwa na intaki mpya, yaani njia ya kuingizia hewa, ili zipate nguvu. Kwenye bango nimeandika: "Hapa tunaboresha kichujio la hewa na intaki." Mteja mmoja amenicheka, akasema ni "chujio la hewa". Mwingine anadai hayo yote ni ya vitabuni, niandike "filta" tu. Nani yuko sawa?

JIBU: Wateja wako wote wawili wana lao, na nitawajibu upesi, kwa sababu kosa kubwa la bango lako hakuna kati yao aliyeliona.

Chujio na kichujio yote yamezaliwa na kitenzi chuja. Ile -o ya mwisho ndiyo iliyotupa ufagio kutoka fagia. Ulipoteleza ni kwenye upatanisho: chujio la hewa, kichujio cha hewa. Chagua moja ushikamane nalo. Zamani vilivyochujwa ni tui na chai, na unga ukachungwa kwa chekecheke. Hewa imekuja baadaye pamoja na injini, na neno limeipokea bila taabu, kama lilivyopokea kura za mchujo. Filta nayo ni Kiswahili cha leo. Filta hii, filta hizi, haina ugomvi na mtu. Ukiandika filta, mwendesha baiskeli wa Nyalenda atakuelewa kabla hajashuka, na hilo kwa bango ni jambo zuri.

Sasa tuje kwenye "tunaboresha".

Kitenzi hiki kimeundwa kutokana na kivumishi bora, kikatiwa -sha ya kusababisha. Ndugu zake ni safisha kutoka safi, fupisha kutoka fupi, imarisha kutoka imara, rahisisha kutoka rahisi. Angalia tabia ya ukoo huu. Kila kimoja kinataja matokeo ya kazi. Kijana akisema amesafisha sahani na mafuta ya samaki bado yameganda ukingoni, hakusafisha. Ameosha tu, tena ameosha vibaya. Fundi cherehani akisema amefupisha suruali nawe ukatoka unaikanyaga, hakufupisha, alikata kitambaa. Hatuna shaka yoyote hapo. Tunamrudishia suruali yake mbele ya watu. Lakini mtu akisema "nimeboresha", ghafla tunamsamehe deni lote. Amebadilisha kitu, basi kimekuwa bora. Nani amepima?

Neno hili limeniudhi kwa miaka. Nimesimama mbele ya dirisha la ofisi moja lililofungwa, karatasi imebandikwa: "Tunaboresha huduma." Nilirudi baada ya wiki mbili nikakuta foleni ndefu kuliko ya kwanza na dirisha moja limepunguzwa. Huko si kuboresha. Kulikuwa na vitenzi vya haki vya kueleza kilichotendeka: tumefunga, tumehamisha, tumepunguza. Vimeachwa kwa sababu vinasema kweli. Na ukisikiliza ripoti za mikutano utadhani nchi nzima haifanyi kazi nyingine ila kuboresha: barabara inaboreshwa, soko linaboreshwa, mtaala unaboreshwa, na hakuna anayeulizwa ilikuwaje jana na ikoje leo.

Ndiyo maana nimeifurahia barua yako, fundi. Injini ya baiskeli ni shahidi asiyehongeka.

Injini hizo ndogo nyingi ni za mipigo miwili. Hazina oili ya peke yake kama gari. Oili huchanganywa ndani ya petroli, mara nyingi mililita 40 au 50 kwa lita 1. Petroli ndiyo inayobeba ulainisho hadi kwenye pistoni. Filta inayokuja na injini ni kasha dogo lenye kipande cha sponji, na kweli linabana. Lakini kubana kwake kuna kazi: mvuto ndani ya kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, unakuwa mkali, na mvuto huo ndio unaofyonza petroli kupitia jeti, kile kitundu kidogo kinachoipima. Sasa mteja anakuja, unang'oa kasha, unafunga filta kubwa yenye umbo la pia. Hewa inapita kwa wingi, mvuto umelegea, jeti ni ileile. Hewa imezidi, petroli imepungua. Na petroli ikipungua, oili imepungua nayo.

Siku hiyo baiskeli inaruka. Nalikubali hilo, maana nyingi hutoka kiwandani zikipewa petroli ya ziada, na ukiipunguza kidogo injini inachangamka. Mteja anatabasamu, analipa, anakwenda akitangaza kuwa umeiboresha. Siku chache baadaye, jua la saa nane, amebeba gunia kuelekea Ahero, injini inachemka, plagi inayowasha moto imekuwa nyeupe kama chaki, pistoni inavimba kwa joto na kung'ang'ania silinda. Baiskeli inasimama katikati ya barabara. Kwa Kiswahili, fundi, umeibadilisha, ukaiharakisha, kisha ukaiunguza. Vitenzi vitatu vizuri, na boresha hakimo.

Sijataja bado vumbi la murram la Kano. Filta iliyo wazi, isiyopakwa oili yake, inapitisha vumbi hilo moja kwa moja hadi kwenye ringi za pistoni, nalo linasaga kama msasa. Mvua ya jioni ikishuka, inafyonza maji. Kasha dogo ulilolitupa lilikuwa na sababu zake.

Kuna jambo jingine ambalo neno bora hulidai. Bora hutaka mwenziwe: bora kuliko nini, bora kwa nani, bora wapi? Kisumu iko kando ya ziwa, karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Mimi naandika nikiwa Nakuru, karibu mita 1,850. Huku hewa ni nyepesi zaidi. Baiskeli iliyorekebishwa ikakaa sawasawa Kondele, ikipandishwa hadi hapa itakuwa na petroli iliyozidi hewa, itatoa moshi na kukohoa mlimani. Kabureta ni ileile, filta ni ileile, jeti ni ileile. Je, hiyo kazi uliboresha au hukuboresha? Jibu linabadilika kati ya Kisumu na Nakuru, nalo bango lako linaahidi bila kutaja mahali wala kipimo.

Usinielewe kwamba nataka kitenzi hiki kizikwe. Kinao wakati wake. Ukifunga filta kubwa, ukaipaka oili ya filta, ukaongeza jeti kwa saizi moja, ukahakikisha gasketi ya intaki haivuji hewa, ukamwendesha mteja kilomita kadhaa kwa kasi ya kawaida, ukazima, ukafungua plagi, ukaiona ina rangi ya kahawia kama chai ya maziwa iliyokolea, hapo umeboresha. Sema kwa sauti. Nitakutetea mbele ya mwalimu yeyote wa sarufi. Ila angalia neno limefika lini: mwishoni, plagi ikiwa mkononi. Wewe umelibandika mlangoni kabla baiskeli haijaingia.

Kuhusu intaki sitakusumbua. Mafundi wanalitamka hivyo kutoka Kakamega hadi Naivasha, nalo limekwisha kuvaa irabu yake ya mwisho. Anayetaka kusema "njia ya hewa" aseme, ni Kiswahili kinachoeleweka na mtoto. Ninachokataa ni lile "kuapgredi" ambalo najua utashawishiwa kulitumia ukishafuta boresha. Lina dosari ileile, tena limekuja bila hata kujifunza kutamkwa.

Chukua brashi, bango lako liwe hivi: "Hapa tunabadilisha filta za hewa na kurekebisha kabureta." Kama nafasi inatosha, ongeza chini yake: "Tunakagua plagi baada ya majaribio." Mteja wako aliyecheka atasoma na kukuta hakuna la kucheka, maana filta hizo zina upatanisho sahihi. Yule wa pili atakuta neno lake limo.

Na jeti, usisahau. Mteja akikataa kulipia jeti, mrudishie kasha lake dogo, umsafishie sponji, umruhusu aende.