Soma orodha kabla ya kubonyeza Y: maswali yenu kuhusu kusasisha Ubuntu

Kaka, nimeendesha `sudo apt update` kisha `sudo apt upgrade`. LibreOffice imesasishwa, lakini Firefox haikutajwa kabisa. Kwa nini?

Kwa sababu Firefox ya Ubuntu haimo tena mikononi mwa apt, msimamizi wa kawaida wa programu kwenye mfumo huu. Tangu toleo la 22.04 inakuja kama snapu, yaani kifurushi kinachobeba ndani yake karibu kila kinachohitaji, na snapu zina msimamizi wake, snapd, anayezisasisha mwenyewe. Ukitaka kuharakisha, funga Firefox kisha andika `sudo snap refresh firefox`. Usipoifunga, snapd husubiri. Kwa hiyo kompyuta yako ni nzima, ila ina wasimamizi wawili wa programu, na ni vizuri kujua kipi kiko kwa nani.

Umeme ulikatika katikati ya usasishaji. Sasa apt inakataa kila kitu. Rafiki kaniambia nifute faili la `lock`. Nifute?

Usifute, tafadhali. Faili hilo huzuia programu mbili zisiandike kwa wakati mmoja kwenye kumbukumbu za dpkg, programu ambayo apt huitumia kusakinisha vifurushi. Kumbukumbu hizo zikivurugika, kazi ya dakika tano inageuka kuwa ya kusakinisha mfumo upya.

dpkg hufanya kazi kwa hatua: hufungua kifurushi, halafu hukisanidi. Kila hatua inaandikwa kwenye `/var/lib/dpkg/status`, hivyo hata baada ya umeme kukatika inajua kila kifurushi kiliishia wapi. Washa kompyuta, na kama madirisha hayaji, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwa maandishi. Kisha:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt --fix-broken install`
`sudo apt upgrade`

Amri ya kwanza humalizia vilivyoachwa njiani, ya pili hurekebisha utegemezi uliokatika (kifurushi kinachohitaji kingine ambacho hakipo), ya tatu huendelea na vilivyobaki. Mara nyingi hapo tatizo limekwisha. Na ukiambiwa kufuli (hilo faili la `lock`) limeshikwa wakati hujafungua chochote, basi huenda ni `unattended-upgrades` inaweka masahihisho ya usalama kimyakimya. Iache imalize.

Niliandika `full-upgrade`, ikasema itaondoa `gdm3` na `gnome-shell`. Nikubali?

Bonyeza n, dada. Hivyo ndivyo vinavyokuletea skrini ya kuingilia na madirisha yote. Ukikubali, kompyuta itawaka ikuonyeshe maandishi matupu.

Amri ya `upgrade` haiondoi kifurushi chochote kilichopo: kama toleo jipya linadai kingine kiondoke, hukiacha kilivyo. `full-upgrade` ina ruhusa ya kuondoa, na ndiyo maana orodha yake lazima isomwe mstari kwa mstari. Keneli (kiini cha mfumo) ya zamani kuondoka si neno. Mazingira yako ya kazi kuondoka ni dalili kwamba kuna mgongano, na mara nyingi chanzo ni PPA, yaani ghala la mtu au kikundi nje ya maghala rasmi, lililoleta maktaba (vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi) za toleo tofauti. Andika `apt policy gnome-shell` uone matoleo yanatoka ghala lipi, ufanye hivyo pia kwa maktaba zinazotajwa kwenye orodha, kisha ushughulike na ghala hilo kwanza.

Mimi ni mwalimu, nina maabara ya kompyuta na bando dogo. Lazima kila mashine ipakue upya?

Hapana, mwalimu. Sakinisha `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja. Kwenye nyingine zote, tengeneza faili ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/` lenye mstari huu, ukiweka anwani ya mashine yako:

`Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";`

Kifurushi kinapakuliwa mara moja, na mashine zinazofuata zinakipata kupitia mtandao wa ndani bila kugusa bando. Mashine hiyo moja iwe imewashwa kila mnaposasisha. Snapu hazipiti hapo.

Naweza kuruka kutoka Ubuntu 20.04 hadi 24.04 moja kwa moja?

Huwezi, unapitia 22.04. Lakini usikae hapo ulipo: msaada wa kawaida wa 20.04 uliisha Mei 2025. Nakili faili zako kwenye diski ya nje, maliza masasisho yote ya 20.04, kisha `sudo do-release-upgrade`, mara mbili. Maghala ya nje yatazimwa njiani. Yarudishe moja moja, yale tu unayoyahitaji.